Waumini wasioonekana tena kwenye safu: mabusha, matende na kazi yetu ya kujitolea Mtwara

Katika misikiti na makanisa ya pwani ya Mtwara kuna wanaume ambao hawajaonekana kwenye ibada kwa miaka, na sababu si kwamba wameacha dini. Wana mabusha. Kanzu haifichi tena, kurukuu na kusujudu vimekuwa mateso, na yule wa upande wa kanisani hawezi kupita kati ya mabenchi kwenda kupokea komunyo bila macho ya watu kumfuata. Basi anabaki nyumbani. Huanza kwa kukosa Ijumaa moja, kisha anakosa misiba na harusi, halafu anaacha hata baraza ya kahawa, na mwishowe majirani wanasema fulani siku hizi hatoki, mazungumzo yanaendelea. Naandika kuhusu watu hao, na kuhusu kikundi chetu kidogo cha kujitolea kinachounganisha waumini wa msikiti na wanajumuiya wa kanisa hapa Mtwara-Mikindani, kwa sababu nimeamini kwamba nyumba za ibada zina uwezo mmoja ambao zahanati haina: zinajua nani amekosekana.

Zahanati humhesabu aliyefika. Muuguzi mwenye foleni ndefu ya watoto wenye malaria hana namna ya kujua kwamba nyuma ya soko kuna mzee ambaye hajavuka kizingiti chake tangu msimu uliopita. Lakini mtu aliyekuwa akiswali safu ya kwanza akikosekana, waliosimama kulia na kushoto kwake wanajua. Jumuiya ndogondogo ya Kikatoliki, inayokutana kila wiki kwa zamu katika nyumba za wanachama, inajua vilevile ni nyumba ipi imeacha kupokea zamu. Taarifa hiyo imekuwepo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuichukua na kuifanyia kazi kwa adabu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mwanajumuiya. Mwenzangu katika ziara nyingi ni ustadhi wa madrasa, na tunapokwenda nyumba ya Mwislamu yeye ndiye anayetangulia kupiga hodi, kama ambavyo mimi hutangulia kwenye nyumba ya Mkristo. Akina mama wa WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania, na wanawake wanaohudhuria darsa za msikitini huwaona wanawake, kwa kuwa kuna mambo ambayo mama hatayasema mbele yetu hata tungekaa mpaka jua lizame. Ziara ya kwanza hatuutaji ugonjwa. Tunakwenda kumjulia hali mtu ambaye hatujamwona, tunazungumza habari za watoto, za mvua na za mikorosho, tunaomba dua au tunasali pamoja naye kwa dini yake, tunaondoka. Wapo wanaotuona wapole kupita kiasi kwa mwenendo huu. Nawajibu kwamba mtu aliyejificha miaka mingi hawezi kufunguliwa kwa maswali ya nusu saa, na kwamba aliyetajiwa busha lake siku ya kwanza na wageni wawili mlangoni hatatupokea siku ya pili.

Mzee mmoja, mvuvi wa zamani, alitupokea ukumbini akiwa amejifunika shuka mapajani ingawa joto lilikuwa kali. Alisema ana mshipa, na kwamba mshipa huo ni wa ukoo, kwa kuwa mjomba wake naye alikuwa nao. Mkewe aliongeza kwamba ujanani mumewe alikuwa akinywa sana madafu, na huku pwani kila mtu amelelewa akisikia kuwa maji ya madafu huleta busha. Alikuwa amechanjwa kwa wembe na mganga mara kadhaa. Baharini alikuwa ameacha kwenda, kwa sababu hawezi tena kuruka kuingia kwenye dau wala kukaa juu ya ubao wake, na chakula cha nyumba ile kilikuwa kikitoka kwenye vitumbua ambavyo mkewe alivikaanga kila alfajiri. Jambo lililomuumiza kuliko yote, alituambia baadaye sana, halikuwa maumivu wala umaskini. Aliona hafai kusimama mbele ya Mola wake akiwa katika hali ile, kwa kuwa haja ndogo ilimtoka bila mpangilio na hakuwa na uhakika na twahara ya nguo zake.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ustadhi ni wa lazima katika kazi hii. Daktari angemweleza ugonjwa, lakini hakuna daktari ambaye angeweza kuligusa jambo lile. Ustadhi alimweleza kwa utulivu kwamba dini imemwekea mgonjwa nafuu, kwamba asiyeweza kusimama huswali ameketi na asiyeweza kuketi huswali amelala, na kwamba mwenye kutokwa na mkojo bila hiari naye amewekewa utaratibu wake. Kisha akamwambia kwamba nafuu hiyo ni ya mgonjwa, na mgonjwa pia ameamrishwa kutafuta tiba. Mzee alinyamaza muda mrefu. Alipozungumza tena, aliuliza upasuaji ni shilingi ngapi.

Ugonjwa wenyewe tunaueleza kwa maneno machache ambayo tumefundishwa na wataalamu wa afya, wala hatuongezi yetu. Mabusha mengi ya ukanda huu wa pwani na matende hutokana na minyoo midogo ya filaria inayoenezwa na mbu. Mbu humuuma mwenye vimelea, halafu humuuma mwingine, na baada ya kuumwa mara nyingi kwa miezi na miaka minyoo huweka makazi katika mishipa ya maji ya mwili, ambako minyoo mikubwa huweza kuishi miaka kadhaa. Wengi huambukizwa wakiwa watoto na uvimbe hujitokeza wakiwa watu wazima, ndiyo maana ni rahisi kusingizia madafu, ukoo au mkono wa jirani. Vimelea vichanga hutembea kwenye damu usiku, na kwa sababu hiyo wapimaji wa zamani walikuwa wakipita nyumbani kwa watu usiku kuchukua damu, jambo lililozaa uvumi ambao bado unazunguka mitaani. Busha hutibika kwa upasuaji. Matende ya mguu uliokwisha kuvimba sana hayana dawa ya kuurudisha kama ulivyokuwa, ila yana matunzo, na matunzo hayo yanapunguza mateso kwa kiasi kikubwa.

Hofu kubwa ya wanaume ni kwamba kisu kitawaondolea uwezo wa kuzaa na wa kukaa na wake zao. Hofu hiyo hatuibishii kwa mihadhara. Tunamwomba mwanamume aliyekwisha kupasuliwa aje kukaa na mwenzake, sisi tukatoka nje, na yanayosemwa humo ndani hatuyaulizi. Baada ya hapo huja suala la mjomba. Kwetu kusini, kwa Wamakonde, Wamakua na Wamwera, mjomba bado ana sauti katika mambo mazito ya mpwa wake, na mtu anaweza kuwa amekwisha kukubali upasuaji, mkewe akakubali, watoto wakakubali, lakini asiende mpaka mjomba aliyeko Newala au Tandahimba apelekewe habari. Wahudumu wanaotoka mbali huona huo ni ucheleweshaji. Sisi tunampigia mjomba simu mapema, na mara nyingi ndiye anayechangia nauli.

Kisha huanza safari ya karatasi, na hapa ndipo wenye uwezo mdogo hupotelea. Sera ya nchi yetu inawapa msamaha wa matibabu wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, kama inavyowapa wajawazito na watoto walio chini ya miaka 5. Msamaha huo hauji wenyewe. Unahitaji barua ya mtendaji wa mtaa au wa kijiji, muhuri, uthibitisho wa umri kwa mtu ambaye pengine hana cheti cha kuzaliwa wala kitambulisho cha NIDA, na mara nyingine kuonana na ofisa ustawi wa jamii. Kwa mtu mwenye busha kubwa, kusimama kwenye foleni ya ofisi moja tu ni adhabu. Nimeshuhudia mzee akirudishwa kutoka dirisha la hospitali fulani kwa sababu barua yake ilikuwa na sahihi bila muhuri, na mzee yule alikuwa amekopa nauli ya bajaji. Nililiona jambo lile kuwa baya na bado naliona hivyo. Kijana wetu wa kujitolea alirudi ofisi ya mtaa siku ileile, akapata muhuri, akarudi dirishani kabla halijafungwa. Kazi yetu kubwa ni hiyo: mtu mwenye miguu mizima na anayejua kusoma asimame kwenye foleni badala ya asiyeweza, na siku ya siku amsindikize mpaka kitandani.

Upasuaji hufanyika katika hospitali, na mara kwa mara huandaliwa kambi maalumu chini ya mpango wa Wizara ya Afya wa kudhibiti magonjwa yasiyopewa kipaumbele, ambapo wagonjwa wengi hufanyiwa kwa pamoja bila malipo. Tangazo la kambi likitoka, muda huwa mfupi. Mtaa ambao majina yake yalikwisha kuandaliwa taratibu na kwa siri hunufaika. Mtaa unaoanza kutafuta watu siku ya tangazo hupata wawili watatu, nao ni wale wasio na aibu, ambao pengine wangekwenda hata bila sisi.

Baada ya upasuaji kazi haijaisha, na naomba wanaotaka kuanzisha vikundi kama chetu wazingatie hatua hii kuliko zote. Hospitali zetu zinategemea ndugu wa kumuuguza mgonjwa: wa kumletea uji, kumfulia, kumwita muuguzi usiku. Mwenye kuishi peke yake hana mtu huyo. Akiruhusiwa kurudi nyumbani anapaswa kuwa safi, kufika zahanati kusafishwa kidonda, na kukaa wiki kadhaa bila kunyanyua kitu kizito, ambalo kwa mkulima ni sharti gumu kuliko kisu. Mtu anayeona majani yanafunika shamba lake hatulii kitandani hata umwambie nini. Vijana wa jumuiya na wa madrasa walikwenda pamoja kupalilia shamba la mgonjwa mmoja, wakamaliza kabla ya adhuhuri, na naamini palizi ile ilikiokoa kidonda chake. Ndipo nilipoona kwamba huduma ya afya inaweza kufanyika kwa jembe.

Wanawake na wanaume wenye matende ya miguu wana hitaji jingine, la kila siku na lisilo na siku ya mwisho. Mguu unatakiwa kuoshwa kwa maji safi na sabuni, kwa upole, hasa kwenye mikunjo na katikati ya vidole, kisha ukaushwe vizuri, uinuliwe mtu anapoketi au kulala, na ufanyishwe mazoezi mepesi. Mpasuko mdogo kati ya vidole ndio mlango wa vijidudu, na vijidudu vikiingia huja homa kali, mguu unawaka moto, na kila shambulio la namna hiyo huuacha mguu mkubwa kuliko ulivyokuwa. Kwa waumini wa Kiislamu miguu huoshwa mara tano kwa siku, nasi tuligundua kwamba tatizo lilikuwa kwenye kukausha: mtu anatawadha, anavaa kandambili, unyevu unabaki kati ya vidole mchana kutwa. Mama mmoja wa darsa alianza kuwagawia wagonjwa vitambaa laini vya pamba, akiwafundisha kukausha baada ya kila udhu, naye huwapitia kila wiki kuangalia vidole. Ni jambo dogo sana kulisimulia, na wagonjwa aliowashika wamepunguziwa homa zilizokuwa zikiwalaza. Viatu navyo ni shida, kwa kuwa mguu huo hauingii kwenye kiatu cha dukani. Tumepata fundi wa katambuga anayepima mguu wa mgonjwa na kukata tairi kwa upana wake, na kanda zake anazishona pana ili zisikate ngozi.

Mguu wa matende hutoa harufu nyakati nyingine, na watu hukaa mbali. Nimemwona mama wa WAWATA akiuweka mguu wa bibi wa Kiislamu mapajani mwake, akiuosha bila haraka, huku wakizungumza habari za wajukuu. Wakati wa Alhamisi Kuu sisi Wakatoliki huona padri akiosha miguu ya waumini kumi na wawili, miguu ambayo kwa kawaida imekwisha kuoshwa nyumbani kabla. Tangu siku ile naifuata ibada hiyo kwa namna tofauti.

Kuhusu dawa za kinga: kwa miaka mingi Serikali imekuwa ikigawa kingatiba ya matende na mabusha, ivamektini pamoja na albendazoli, mara moja kwa mwaka. Dawa hizo humaliza vimelea vichanga kwenye damu, ila minyoo mikubwa haifi yote kwa mara moja, kwa hiyo lazima zirudiwe miaka kadhaa mfululizo, na Shirika la Afya Duniani linataka angalau asilimia 65 ya watu wote wa eneo wameze ili maambukizi yapungue kweli. Manispaa ya Mtwara-Mikindani ni miongoni mwa maeneo machache nchini ambako maambukizi yalichelewa kushuka, wakati halmashauri nyingi nyingine zilikwisha kusimamisha ugawaji. Uvumi kwamba dawa hupunguza nguvu za kiume umechangia watu kuzikwepa. Dawa ya uvumi huo niliiona kwa macho: imamu alimeza vidonge vyake mbele ya waumini baada ya swala ya Ijumaa, akawaita wanawe watu wazima wakameza baada yake, na watu wakapanga mstari. Padri wetu alifanya hivyo Jumapili iliyofuata.

Wala huu ushirikiano wa dini na tiba si mgeni kusini. Wamisionari wa Kianglikana walifika Masasi mwaka 1876. Tabibu Leader Stirling alikuja katika misheni yao mwaka 1935, akafanya upasuaji Lulindi katika mazingira magumu sana, na baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Wabenediktini walijenga hospitali za Ndanda na Nyangao, ambazo mpaka leo zinatibu watu wa Mtwara na Lindi, na kwa kuwa wengi wa wakazi wa mikoa hii ni Waislamu, vitanda vyake vimewalaza Waislamu kwa vizazi. Bibi yangu alikuwa akisema anakwenda Ndanda kama anayesema anakwenda kwa dada yake.

Historia hiyo inatuwekea pia mpaka, na ninaujali sana. Anayekuja kwetu haulizwi atajiunga na nini. Hatumwombei mtu kwa dini isiyo yake bila kuombwa. Hatumwahidi mtu uponyaji. Hakuna anayeruhusiwa kumwambia mgonjwa aache dawa, na hapa sizungumzii mabusha peke yake: nimewafahamu watu walioacha dawa za kifua kikuu kabla ya miezi sita kutimia, au dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, kwa sababu mhubiri aliwaambia wamekwisha kupona. Mtu wa dini anayetamka hivyo anatumia imani ya mgonjwa kumdhuru, na sioni neno laini la kulielezea. Kikundini, atakayesema hivyo ataondoka. Atakayetoa nje habari za mgonjwa naye ataondoka, hata kama alizitoa kwa nia ya kumwombea. Maombi ya hadhara yanayotaja jina na ugonjwa wa mtu yamekwisha kufunga milango mingi.

Fedha zetu hutoka kwenye sadaka, na baadhi ya masheikh wamekubali sehemu ya zaka iwafikie mafukara wanaohitaji matibabu. Hazitoshi, na kwa hiyo tunawahimiza watu wajiwekee bima wakati mikono ina kitu. Hapa kila mtu husema nitakwenda hospitali nikiuza korosho. Minada huanza mwezi wa Oktoba, malipo hupitia vyama vya ushirika mpaka benki, na fedha ikifika inakuta madeni, ada, bati na unyago vinaingoja. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ulioanza mwaka 2018, uliiwekea kaya ya watu wasiozidi sita mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka, na mwaka 2023 ilipitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kiasi kama hicho mwezi Novemba mkulima anakitoa bila kuumia. Mwezi Februari, ghala likiwa tupu, hawezi hata kukizungumza. Ndiyo maana tumewaomba viongozi wa misikiti na makanisa waiseme bima mimbarini katika wiki za malipo, wala wasisubiri mtu augue.

Sasa tunataka kufika Msangamkuu. Ni kuvuka ghuba tu kwa kivuko, lakini kwa mwanamume mwenye busha, kusimama katikati ya abiria wote wale mchana kweupe ni jambo ambalo hatalikubali, na tunajua kwamba wapo wasiovuka kabisa. Tumefikiria kivuko cha kwanza cha alfajiri, bajaji ikiwa tayari upande wa pili. Tunachokosa ni mwenyeji wa kututangulia, mtu anayewafahamu wanaokosekana na ambaye wao wanamwamini. Kama wewe ni wa huko na uko tayari, zungumza kwanza na imamu au katekista wako, kwa kuwa hatuingii mtaa wowote kabla yeye hajajua na kukubali, kisha mje wote wawili tupange siku.